Mashine ya Kaunta na Mkeka wa Wakwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mimi na baba yako mpaka leo hatujakubaliana namna ya kuisimulia. Yeye husema aliangusha kalamu, akainama kuiokota. Mimi nilikuwepo pale pale, nimeshika birika la maji ya kunawa, na nasema hakukuwa na kalamu yoyote. Nikimaliza utaamua mwenyewe.

Siku hiyo imenirudia kwa sababu ya picha ulizonionyesha juzi kwenye simu. Mashine tatu za kuuzia chakula, zote zinang'aa, moja ina kioo cha kugusa, nyingine inatoa risiti yenye picha ya ua. Ukaniuliza, "Mama, kwa mgahawa wangu wa Nyegezi nichukue ipi?" Ulitaka jibu la haraka, nilikuona ulivyokuwa unatingisha mguu. Mimi majibu ya haraka sina. Nina magoti mabovu na kumbukumbu nzuri, kwa hiyo kaa chini, chai ipo, tuanze huko nilikotoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati biashara zilipofunguliwa na kila mtu Mwanza akawa anauza kitu. Mimi nilikuwa msichana mhudumu katika hoteli ya shangazi yangu Kabula, pale Mabatini. Usiniulize vitanda, hoteli kwetu ilikuwa mahali pa kula. Palikuwa na meza ndefu za mbao, mabenchi, dirisha la kupitishia sahani kutoka jikoni, na kaunta ndogo mlangoni. Shangazi Kabula alikuwa dada wa marehemu baba yangu, mwanamke mnene, mpole, mwenye macho yanayoona hadi mgongoni mwako.

Utaratibu wetu wa kuuza ulikuwa mwepesi. Mtu anaingia, anakaa, nampelekea birika na beseni ananawa. Anasema anachotaka, mimi naita dirishani, chakula kinakuja. Akishiba anakwenda kaunta, anamwambia shangazi alichokula, analipa, anaaga. Hakuna aliyeulizwa hela kabla ya kushiba. Shangazi alikuwa akisema huwezi kumkaribisha mtu kwa kumnyooshea kiganja.

Basi viwanda vya minofu ya sangara vikaja, na wafanyakazi wake wakawa wanatushukia mchana wakiwa na viatu vyao virefu vya mpira, wote kwa mara moja, wote wana haraka. Wakaja na madereva wa malori, wakaja na wafanyabiashara wa mitumba. Hoteli ikawa inajaa mpaka watu wanakula wamesimama. Katika vurugu hiyo wengine walikuwa wanatoka bila kulipa, na si wote walikuwa wezi. Wengine walimwona shangazi kazungukwa na watu, wakasema nitalipa kesho, na kesho wakasahau. Kuna dereva mmoja alirudi kutoka safari ya Musoma akalipia ugali ambao hata sisi hatukumbuki kama aliula.

Shangazi akaona mambo hayaendi hivyo. Akataka mtu wa kumsaidia kuchagua utaratibu mpya, na mtu aliyekuwa karibu alikuwa Masanja, fundi redio wa kibanda cha jirani. Huyo ndiye baba yako. Wakati huo alikuwa mwembamba, ana suruali ya kukunjwa chini na penseli sikioni, na alikuwa ameshanichumbia. Posa ilikuwa imekubaliwa kwetu Magu, wamebaki ng'ombe wa mahari kupelekwa. Baba yangu mkubwa, Maige, ndiye aliyesimama badala ya marehemu baba, na alikubali huku akinung'unika kwamba kijana wa mjini hajui kukaa na watu. Kwa hiyo baba yako alikuwa akichungwa. Kosa dogo tu lingempa baba mkubwa sababu.

Tukaenda mjini kwenye duka la vitu vilivyotoka Dubai, shangazi, Masanja na mimi. Palikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa ndogo, inajumlisha tu na kutoa karatasi. Nyingine ilikuwa kubwa, ina vitufe vya rangi ambavyo unaweza kuviandika majina ya vyakula, na droo ya fedha inayoruka yenyewe ikilia ting. Muuzaji alibonyeza, droo ikaruka, na mimi nikaona moyo wa Masanja nao umeruka. Alizunguka nyuma ya ile mashine, akakaa kwenye kigoda cha muuzaji, akabonyeza, ting. Akabonyeza tena. Kama ingekuwa msichana ningekasirika.

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Na mteja anakaa wapi?"

"Mteja hakai, mama," akasema muuzaji. "Anasimama mbele ya mashine, anasema anachotaka, analipa, anapewa risiti. Ndiyo kisasa."

Shangazi akamwangalia Masanja, Masanja akaiangalia mashine, na ile kubwa ikapakiwa kwenye mkokoteni.

Masanja aliitengenezea utaratibu wake. Akavibandika vitufe majina: ugali, wali, sato, sangara, dagaa, maharage, chai. Kisha, ili watu wasizagae, akamwita seremala, wakaisogeza kaunta ndani, wakajenga uzio wa mbao kutoka mlangoni hadi kwenye mashine, upana wa mtu mmoja. Ukiingia humo hakuna kutokea pembeni. Unasogea, unasogea, unafika kwa Masanja, anakuuliza unakula nini, unalipa, ting, unapewa risiti, unakwenda kukaa. Shangazi akamweka yeye mwenyewe kwenye mashine kwa mwezi wa kwanza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, sitasema uongo. Watu walikuja kuisikia tu. Wapo walionunua chai ambayo hawakuitaka ili droo iruke. Hakuna aliyetoka bila kulipa. Niliona mambo madogo, kwa mfano wazee waliokuwa wakija kula pamoja sinia moja sasa wanatazamana kwenye uzio, hawajui nani aombe nini, na yule aliyetaka kuwalipia wenzake yuko nyuma hawezi kupita. Niliyaona, nikanyamaza. Masanja alikuwa na furaha kubwa na mimi nilikuwa nampenda.

Sasa kabla sijafika kwenye kalamu, lazima nikueleze jambo la ukwe, maana ninyi siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja mnapiga na picha. Katika ukoo wetu, posa ikishakubaliwa, kijana na mama mkwe wake wana heshima yao. Wanasalimiana kwa mbali, wameinamisha macho. Hawapeani kitu mkononi. Na hawaonani wakila, hilo kabisa. Kinywa cha mama mkwe hakitazamwi. Kama kuna neno, anatumwa mtu katikati alipeleke, hata kama wako hatua chache tu. Mama yangu alilishika jambo hilo kwa mikono miwili, na Masanja pia, kwani kwao ni hivyo hivyo.

Mama alikuwa analima mpunga Magu. Akija Mwanza alikuwa akileta mchele kwa shangazi, anapita mlango wa nyuma, anakaa jikoni, wanaongea na wifi yake, anarudi. Kwa njia hiyo hakuwahi kukutana na Masanja pale hotelini, wala hakujua kwamba fundi redio amehamia kwenye kaunta. Lakini siku hiyo alikuja na majirani zake wawili, na alitaka kuwaonyesha kwamba wifi yake wa Mabatini ana hoteli yenye mashine. Wageni unaotaka kuwaringia huwapitishi jikoni penye masufuria. Wakaingia mlango wa mbele, wakaona watu wamejipanga kwenye uzio, nao wakajipanga.

Ilikuwa saa ya wafanyakazi wa kiwandani. Nyuma yao pakajaa mara moja. Mimi nilikuwa upande wa pili na birika langu, namwagia mzee mmoja maji, sikuwaona mpaka mama amefika mbele. Baba yako hakuwa amemwangalia mtu usoni siku nzima, macho yake yalikuwa kwenye vitufe. Akasema kama alivyosema kwa kila mtu, tena kwa sauti ya mashine:

"Karibu. Unakula nini?"

Mama mkwe wake. Amemuuliza mama mkwe wake anakula nini, na kiganja kimeshanyooshwa.

Ndipo akainua macho. Mama akaivuta kanga yake ikafunika uso, akageukia ukutani. Na Masanja akatoweka. Hapo ndipo inapoingia hiyo kalamu yake. Mimi niliona mtu anateremka nyuma ya kaunta taratibu, kwanza mabega, halafu kichwa, mpaka ikabaki ile penseli ya sikioni, halafu nayo ikazama.

Nyuma watu wakaanza kuuliza.

"Jamani, mbele kuna nini?"

"Mwenye mashine kazama."

"Kazama wapi? Hapa ni ziwani?"

Jirani mmoja wa mama, ambaye hakuelewa kitu, akagonga kaunta akasema yeye anataka wali na sato, mbona kijana hainuki. Mama akamfinya. "Nyamaza. Ni mkwe."

Neno hilo likarudi nyuma kwenye uzio, mdomo hadi mdomo. Ni mkwe. Mkwe wa nani? Wa huyo mama wa mbele. Na hapo, mwanangu, ndipo mambo yalipokwama kabisa. Kwa sababu wengi kwenye ule mstari walikuwa watu wa kwetu. Kama wasingejua wangesukuma, mama angepenya akatoka. Walipojua wakavua kofia, wakaangalia chini, hakuna aliyethubutu hata kumgusa. Mama hakuweza kwenda mbele, kwani mbele kulikuwa na mkwe amechuchumaa. Hakuweza kurudi nyuma, kwani nyuma kulikuwa na ukuta wa watu wenye adabu. Nao waliokuwa na adabu hawakuweza kurudi kwa sababu wengine walikuwa bado wanaingia kutoka barabarani. Watu wote wale wana njaa, wamesimama kama wako kanisani, na mashine iko katikati inatoa mlio mdogo, inasubiri kubonyezwa.

Masanja hakuweza kutoka kule chini, maana angetokea usoni pa mama. Hakuweza kusema neno, maana angesema na nani? Nilimwona miguu tu.

Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama mara moja tu. Akawaambia madereva wawili waliokuwa wanasubiri nje, "Ng'oeni huo uzio." Wakaung'oa, misumari ikalia, njia ikapatikana. Mama akatoka na majirani zake, uso umefunikwa, hakunywa hata maji. Wafanyakazi wa kiwandani muda wao ulikuwa umekwisha, wakarudi kazini na njaa zao. Masanja alipoinuka alikuwa na utando wa buibui kichwani.

Sasa nacheka. Siku ile nililia. Nilimjua mama yangu, akikasirika anapiga kelele, na akiumia ananyamaza. Siku ile alikuwa amenyamaza.

Baada ya siku chache dereva wa lori la mchele alituletea maneno ya baba mkubwa Maige. Kijana aliyekaa juu ya kigoda akamuuliza mama mkwe wake anakula nini, tena akataka na hela yake, huyo bado hajawa tayari kuoa. Ng'ombe wake abaki nao kwanza. Nikamuuliza dereva, mama alisema nini? Akasema mama yako alikuwa anapepeta mchele, hakusema kitu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa kwenye gunia la mkaa, nikaona ndoa yangu imekwenda kwa sababu ya droo inayolia ting.

Masanja alitaka kutuma mbuzi wa kuomba radhi siku ile ile. Shangazi akamwambia akae chini. Alituweka wote wawili kwenye benchi hoteli ikiwa tupu, akakaa mbele yetu, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mbuzi tutampeleka," alisema. "Lakini mbuzi akifika Magu, hapa kutakuwa kumebadilika nini? Kesho ataingia mama mkwe wa mwingine. Masanja, tulipokwenda dukani, ulisimama wapi?"

"Nilikaa kwenye kigoda, shangazi. Upande wa vitufe."

"Na upande wa pili alisimama nani?"



"Hakuna. Hata mimi sikusimama," akasema shangazi. "Niliuliza mteja anakaa wapi, nikaambiwa hakai, na nikalipa. Kwa hiyo hatutaitupa mashine, haikujileta yenyewe. Kesho asubuhi tunamwita seremala aurudishe uzio kama ulivyokuwa. Na ninyi mtakuja kula hapa. Mtaingia mlango wa mbele, mtajipanga, mtalipa."

Tulidhani anatania. Kesho yake alikaa mwenyewe nyuma ya mashine, kilemba kichwani, akabonyeza kwa kidole kimoja. Akamwambia Masanja aingie akiwa na gunia la mchele begani, kama mkulima wa Magu. Masanja akaingia, gunia likakwama kwenye uzio, hawezi kugeuka, hawezi kulitua. Shangazi akamtoa, akamwambia aingie kama dereva ambaye lori lake liko barabarani linawaka injini. Masanja alisimama pale, shangazi anatafuta kitufe cha dagaa polepole kwa makusudi, mpaka Masanja mwenyewe akasema, "Mimi ningeshaondoka." Kisha akamwambia aingie kama mzee aliyewaleta vijana wake wanne na anataka kuwalipia wote, lakini kwanza wanawe na kukaa na kuulizana habari za nyumbani. Hapo Masanja alishindwa kabisa aanzie wapi.

Mwisho akaniambia mimi nijitande kanga, niingie kama mama mkwe. Nilipofika mbele shangazi akaniuliza kwa sauti ile ile ya Masanja, "Karibu. Unakula nini?" Nilijikuta naivuta kanga usoni, nageukia ukutani. Nikamwelewa mama. Masanja aliyekuwa ameegemea dirishani akaona, naye akageuka pembeni.

Tulikaa siku ile tukapanga upya, na sasa kila mmoja alikuwa na la kusema. Uzio ukawa kuni. Mashine tukaihamishia karibu na mlango, upande wa kutokea, ili mtu aikute akiwa ameshashiba. Mteja akarudi kukaa kama zamani, anaanza na birika na beseni. Tatizo lilikuwa jinsi ya kujua mtu amekula nini bila kumuuliza, na hapo Masanja alipata wazo ambalo mpaka leo nampa heshima yake. Akasema tutumie vizibo vya soda. Vilikuwa vimejaa uani, vya rangi mbalimbali. Cheusi kikawa samaki na ugali, cha machungwa wali na maharage, cha kijani dagaa, cheupe chai. Mhudumu akiweka sahani anaweka na kizibo chake pembeni. Ukimaliza unabeba vizibo vyako mpaka mlangoni, unavimwaga mbele ya mashine, Masanja anabonyeza, ting, unalipa, unakwenda. Dereva mwenye haraka hasemi hata neno.

Na wazee wakafurahi kuliko wote. Maana sasa anayetaka kuwalipia wenzake alivikusanya tu vizibo vya meza nzima. Ukawa mchezo. Watu wazima, wenye ndevu, wanafichiana vizibo chini ya vikombe, mmoja anavishika, mwingine anamkamata mkono, wanacheka mpaka mabenchi yanalia. Mashine ni ile ile, vitufe ni vile vile. Tulichobadilisha ni mahali ilipokaa na wakati inapomkuta mtu.

Wazo la mkeka lilikuwa langu, na kwa hilo baba yako hana pingamizi. Nilisema kila hoteli ya kwetu ina watu wenye wakwe, na kila siku kuna mtu anayechungulia mlangoni kwanza ili aone nani yumo. Tukaning'iniza mkeka mkubwa kutoka darini, nyuma yake meza moja yenye mlango wake wa uani. Mwenye mkwe ndani anakaa huko. Habari zilienea. Watu walikuwa wanasema twende kwa Kabula, kule unaweza kula hata kama mama mkwe wako yumo.

Ndipo mbuzi akapelekwa, na ujumbe pamoja naye, kwamba uzio hakuna tena na tunaomba baba mkubwa na mama waje waone kwa macho yao.

Walichelewa. Nilihesabu malori yote ya mchele. Kisha siku moja mchana nikamwona baba mkubwa Maige anaingia na fimbo yake, anaangalia huku na huku kama anatafuta uzio ulipofichwa. Shikamoo, baba mkubwa. Marahaba. Hakusema zaidi. Nyuma, kwa mlango wa uani, shangazi alikuwa amemwingiza mama, wamekaa nyuma ya mkeka. Masanja alikuwa kwenye mashine. Nilimwona anajifuta mikono kwenye suruali, anajifuta tena.

Nikampelekea mama maji ya kunawa. Nikampelekea ugali na sato, na chai. Nikaweka kizibo cheusi na kizibo cheupe pembeni. Hakuuliza ni vya nini, shangazi alikuwa ameshamweleza. Alikula polepole. Mimi nilisimama pembeni, nimekunja mikono, sijui niiweke wapi. Baba mkubwa kwa mbele alikuwa amemaliza zamani, na alikuwa akivigeuzageuza vizibo vyake mezani bila kuinuka.

Mama alipomaliza akanawa, akavichukua vile vizibo viwili, akavitia kiganjani mwangu. Nikazunguka mkeka, nikavipeleka kwa Masanja. Hakuvibonyezea papo hapo. Aliviweka mfukoni, akatoa fedha yake mwenyewe mfuko wa pili, ndipo akabonyeza, ting, akaitia kwenye droo. Kisha akaniambia, akiwa ameinamisha macho, kwa sauti ya kutosha kufika kule:

"Mwambie aliye nyuma ya mkeka, vizibo vyake vimepokelewa."

Nikarudi, nikamwambia mama, ingawa alikuwa amesikia. Alikaa kimya. Nilifikiri ni kile kimya chake cha kuumia. Halafu akajifunga vizuri kanga yake, akasema:

"Mwambie aliye kwenye mashine, sato alikuwa na chumvi kidogo." Akakisogeza pembeni kikombe chake cha chai. "Na hao ng'ombe wakija, wasipitie njia ya mtoni. Matope bado ni mengi."

Shangazi Kabula alipiga kigelegele mpaka paka wa jikoni akakimbia. Baba mkubwa akakohoa, akainuka, akaenda mlangoni na kumwaga vizibo vyake mbele ya Masanja, na akasimama pale kwa muda, kwa sababu alitaka kuisikia ile droo mara mbili. Ng'ombe walipita njia ya juu.

Basi, mwanangu, ninachotaka kukuambia kuhusu hizo mashine zako tatu ni hiki. Usichague ukiwa umekaa kwenye kigoda cha muuzaji. Huko kila mashine ni nzuri. Nenda ukakae Nyegezi siku kadhaa, mahali utakapofungua, uangalie watu wanavyokula. Wanafunzi wa chuo cha hapo wanachanga, watatu kwa sahani mbili. Je, mashine yako itajua kugawa, au itawaaibisha? Kuna mwanafunzi atakayeagiza maharage na hataki mwalimu wake aliye nyuma yake amsikie. Kuna abiria wa basi ambaye anaangalia mlango kuliko sahani. Kuna mzee atakayetaka kuwalipia wote kabla mtu hajamzuia. Ingia wewe mwenyewe mlango wa mbele kwa niaba ya kila mmoja wao, beba na gunia. Muulize muuzaji umeme ukikatika inakuwaje, mtandao ukipotea inakuwaje, na mhudumu wako akiugua nani mwingine anaijua, maana sisi tulikwama na mtu mmoja aliyeijua akiwa chini ya kaunta. Hapo utaijua yako. Huenda ikawa ya bei ndogo kuliko zote, huenda hapana. Na ukigundua umekosea, usitume mbuzi kabla ya kung'oa uzio.

Nakuombea jiko lisilokosa moto na masufuria yanayorudi matupu. Nakuombea wateja wanaokuja na njaa na kuondoka wakicheka, na wanaogombea kulipiana. Mungu akupe mikono ya shangazi yangu Kabula na masikio yake pia. Na huyo atakayekuwa mkwe wangu, akinikuta mezani kwako ninakula, Mungu amjalie awe na kalamu ya kuangusha.